Ng'ambo ya Magogoni: Kivuko katika Historia ya Mji wa Dar es Salaam

Historia ya mji wa Dar es Salaam aghalabu huandikwa kwa kufuata njia za nchi kavu. Waandishi huanza na barabara ya Mackinnon iliyoanza kukatwa mwaka 1877, wakaendelea na reli ya kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kisha wakaingia mitaani: Uzunguni, Uhindini, Kariakoo, Ilala, Magomeni. Njia hiyo si mbaya, lakini yasahau jambo moja, nalo ni kwamba mji huu umekaa baina ya maji mawili. Kaskazini uko mto Msimbazi, utokao vilima vya Pugu na kuingia baharini kwa mikoko na matope. Ng'ambo yake ndiko Kinondoni. Kusini uko mkono wa bahari uliofanya bandari. Ufuoni mwake, kwa upande wa bara, iko Temeke, na ng'ambo yake iko Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke mpaka ilipotengwa kuwa wilaya katika miaka ya 2015 na 2016. Maji ya kaskazini yalipata daraja mwaka 1929. Maji ya kusini yalipata daraja mwaka 2016. Miaka themanini na saba iliyo kati ya madaraja hayo mawili yastahili kuelezwa, na mahali pazuri pa kuitazama ni juu ya kivuko cha Magogoni.

Abiria atokaye Kigamboni asubuhi, akisimama mbele ya chombo, huuona mji kwa namna ambayo mtu wa barabarani hawezi kuuona. Mkono wake wa kulia ni mlango wa bandari, mwembamba kiasi kwamba meli kubwa ipitapo huonekana kama nyumba inayosogea nyuma ya miti. Mbele yake ni soko la samaki na miti ya Ikulu. Mkono wa kushoto, ufuo wazunguka kwa majumba ya serikali, kanisa la Kilutheri la Azania Front na minara ya Mtakatifu Yosefu, mpaka kwenye magati na winchi zake. Na zaidi ya hapo maji yajikunja kuelekea Kurasini. Safari ni ya dakika chache tu. Hata hivyo katika dakika hizo abiria huwa amepita mbele ya kila kitu kilichoufanya mji kuwa mji: bandari, serikali, dini na biashara, vyote vimepangwa ufuoni kwa mstari mmoja, na vyote vimempa uso yule ajaye kwa maji.

Kabla ya kueleza mambo yenyewe yafaa kuyatazama maneno, maana lugha ya mahali hapa imehifadhi habari nyingi. Neno kivuko, lililotoka katika kitenzi vuka, kwa asili ni mahali pa kuvukia, yaani penye kina kidogo mtoni au penye mtumbwi wa kuvushia watu. Baadaye chombo chenyewe kimelichukua jina la mahali, hata leo mtu aweza kusema kivuko kimeharibika, akakusudia injini, na papo hapo akasema yuko kivukoni, akakusudia ufuo. Wenyeji wa mji wamepunguza mashaka hayo kwa maneno mawili ya kukopa. Chombo wakakiita pantoni, na mahali wakapaita Feri. Utingo wa daladala hatangazi kivuko, hutangaza Feri. Hivyo neno la asili limebaki zaidi katika nyaraka za serikali na katika jina la barabara ya ufuoni, Kivukoni, ilhali midomo ya watu imejigawia kazi kwa namna iliyo nadhifu kuliko ile ya ofisini.

Majina ya pande mbili yaeleweka kwa urahisi. Magogoni ni penye magogo. Kigamboni ni jina lenye faida zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi. Ukiondoa kiambishi cha mahali na kile cha ngeli, libakialo ni gambo. Na jinsi ng'ombe akikuzwa huwa gombe, ndivyo ng'ambo iwezavyo kuachia sauti yake ya mwanzo na kutoa gambo, kisha kigambo. Jina basi lalingana na maana ya ng'ambo ndogo, au mahali palipo ng'ambo kidogo tu. Unguja nako mna Ng'ambo, iliyotengwa na Mji Mkongwe kwa hori ambalo limekwisha kufukiwa. Maji yamekwenda, jina limebaki, na pamoja na jina ile fikira kwamba mji halisi uko upande wa pili. Majina ya namna hii hayatolewi na wakaao ng'ambo. Hutolewa na wanaotazama kutoka upande ujihesabuo kuwa ni huku.

Lakini hapo zamani hesabu ilikuwa nyingine. Kabla ya kuwako mji ulioitwa Dar es Salaam, miji ya Washomvi ilikuwa imetapakaa pwani kaskazini na kusini mwa hori. Kunduchi, kaskazini, kuna msikiti wa mawe ulioanguka na makaburi yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Kusini, ng'ambo ya Kigamboni, ulikuwako mji wa Mbuamaji, nao una makaburi na msikiti wake wa kale. Mzizima, kijiji kilichotangulia mji wa sasa, kilikuwa kimoja tu miongoni mwa vijiji hivyo, wala hakikuwa kikubwa kuliko jirani zake. Habari za Washomvi, za Wazaramo na Pazi wao, na za vita vyao na Wakamba, zilichapishwa kwa Kiswahili na Carl Velten mwaka 1907, na atakayezisoma ataona kwamba wasimulizi hawakuitenga pwani ya kusini na ya kaskazini. Kwa watu wa mitumbwi na ngalawa, mkono wa bahari ulikuwa barabara. Haukuwa ukuta.

Aliyeugeuza ni Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoanza kujenga mji wake ufuoni mwa bandari hii katika miaka ya 1860. Alichokitaka ni maji yenyewe: bandari iliyofungwa pande zote, yenye mlango mwembamba, ambamo jahazi na merikebu zaweza kulala salama katika kaskazi na katika kusi. Jina alilolitoa, likisomwa kuwa nyumba ya salama au kuwa ni kifupi cha bandari ya salama, laisifu sifa hiyo hiyo. Majumba yake yalitazama majini kutoka ufuo wa kaskazini, na tangu siku hizo ufuo wa kusini ukawa ni kinga ya bandari, ukuta wa nyuma wa nyumba ya mtu mwingine. Majid alikufa mwaka 1870, nduguye Barghash hakuupenda mji, na kazi ikasimama. Lakini mahali pa mlango palikwisha kuchaguliwa.

Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 walifuata mstari ule ule. Nyumba ya gavana ilijengwa karibu na mlango wa bandari, na ofisi na makanisa zikafuata ufuo. Thamani ya mlango mwembamba ilionekana wazi katika mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza: Wajerumani wenyewe walikizamisha chelezo chao mlangoni ili meli za Kiingereza zisiingie. Chelezo hicho kiliifungia nje hata manowari yao, Königsberg, ambayo mwisho wake ulikuwa katika mto Rufiji mwaka 1915. Mahali ambapo chombo kimoja kilichozama chaweza kufunga bandari nzima si mahali pa kujenga daraja la chini, na sababu hii ya kihandisi haina budi kukubaliwa kwa haki kabla ya kulaumu mtu yeyote kwa yaliyofuata.

Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916. Mwaka 1929 walijenga daraja kwenye mlango wa Msimbazi, wakaliita kwa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi ya Tanganyika. Watu walilifanya jina kuwa Salenda, wakalipa sauti iliyo nyepesi kinywani, na Salenda ndilo lililoenea. Daraja lilifungua njia ya kwenda Oyster Bay, mtaa wa bustani na upepo wa bahari uliokusudiwa Wazungu. Kuligawa jiji kwa rangi kulikwisha kuanza wakati wa Wajerumani kwa sheria za majenzi, na Waingereza wakakuendeleza kwa kuugawa mji katika kanda, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi baina ya Kariakoo na mji wa kati. Daraja la Salenda ni sehemu ya mpango huo. Lilikwenda kule ambako wenye kupanga walitaka kuishi.

Ushahidi wa Mombasa wasaidia hapa, kwa kuwa kisiwa hicho nacho kina maji pande zote na watu wanaovuka kila siku. Kaskazini, daraja la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, daraja la kuelea lililokaa juu ya pantoni, likafungua nchi ya majumba ya wenye nafasi. Mwaka 1980 likajengwa jipya la kudumu. Kusini, Likoni, njia kuu ya watu imeendelea kuwa ni feri hadi karne hii, penye mlango wa Kilindini upitao meli kubwa. Miji miwili ya bandari, katika muda wa miaka miwili, ilijenga daraja upande wa kaskazini na kuacha kivuko upande wa kusini. Katika kila mmoja mhandisi angeweza kutaja sababu za kina cha maji na kupita kwa meli, na angekuwa amesema kweli. Lakini kweli hiyo haielezi kwa nini haikutafutwa njia nyingine juu zaidi katika hori, kule meli zisikofika. Daraja la mwaka 2016 lilijengwa huko huko, kwenye hori la Kurasini, nyuma ya magati. Na hori hilo halikuanza kuwako mwaka 2016.

Bandari yenyewe ilikuwa na mambo yake. Kwa muda mrefu meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikaletwa pwani kwa matishari, ikapakuliwa na makuli. Aliyevuka kwa mashua katika siku hizo alipita baina ya matishari na kamba za nanga, akawaona watu ambao kazi yao iliubeba uchumi wa nchi nzima. Watu hao waligoma mwaka 1939, na tena mwaka 1943, na mgomo wao wa 1947 ulienea kutoka bandarini mpaka miji mingine ya Tanganyika. Magati ya kwanza ya maji marefu yalifunguliwa mwaka 1956, na tangu hapo uzito wa bandari ukaelekea Kurasini. Temeke ikawa nchi ya bohari, viwanda na malori, na katika miaka ya 1970 reli ya TAZARA nayo ikaweka stesheni yake kuu huko. Ndiyo sababu ya tofauti ionekanayo mpaka leo: mtu akisema Kinondoni hufikiriwa makazi, akisema Temeke hufikiriwa kazi. Usemi huo ni wa jumla mno, na Mwananyamala na Manzese zatosha kuukanusha, lakini una historia nyuma yake.

Baada ya uhuru ng'ambo ya Magogoni ilianza kupewa vitu, na yafaa kuviangalia ni vitu gani. Mwaka 1961 chama cha TANU kilifungua chuo cha watu wazima, mahali pa kuwafundisha viongozi wa chama, wa vyama vya wafanyakazi na wa ushirika. Chuo kiliitwa Kivukoni, na mwaka 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Jina lilichaguliwa vema, maana kila mwanafunzi na kila mwalimu alipaswa kupanda pantoni pamoja na wachuuzi wa nazi na wauza samaki. Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika kutoka huko mpaka Ndola, urefu wa kilomita 1,710, ili Zambia iepukane na njia za kusini zilizotawaliwa na walowezi wa Rhodesia. Kambi ya wanamaji nayo ikajengwa upande huo huo.

Mambo haya yote yalikuwa ya lazima, na lile bomba lilikuwa tendo la udugu wa Afrika lisilo na mfano mkubwa. Lakini msomaji na alinganishe. Mafuta yalipata njia ya kutoka Kigamboni kufika Ndola miaka arobaini na minane kabla ya mtu wa Kigamboni kupata daraja la kufika Kurasini. Kigamboni ilitumika kwa vitu ambavyo mji ulivihitaji karibu lakini haukutaka kuvilaza kitandani mwake: matangi, mabomba, bunduki. Chuo peke yake ndicho kilichovusha watu kwa ajili ya watu.

Kuvuka kwenyewe kulitawaliwa na nauli na injini. Vyombo vya miongo ya karibuni vilikuwa vikubwa: MV Magogoni ilijengwa kuchukua watu 2,000 na magari 60, na MV Kigamboni watu 800 na magari 22, MV Kazi, iliyoundwa nchini baadaye, ilikuwa ya kiasi hicho hicho. Chombo kimoja kikienda kutengenezwa, foleni ya magari ilirudi nyuma mpaka mitaani, na mgonjwa, mwanafunzi na mwenye kikapu cha samaki walingoja pamoja. Njia nyingine ilikuwa kuzunguka kwa Mbagala na Kongowe, mwendo wa makumi ya kilomita kwa ajili ya maji ambayo mpiga kasia huyavuka kwa muda wa kuvuta sigara. Mwezi wa Januari 2012 nauli ya mtu mmoja ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Kelele zikawa nyingi, na John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, aliripotiwa kuwajibu kwamba asiyeweza kulipa na apige mbizi au azunguke Kongowe. Maneno hayo yalikaa vinywani mwa watu kwa miaka. Yaliwachoma wenyeji kwa sababu yaliisema wazi hali yao: pasipo pantoni, zilibaki njia hizo mbili tu.

Wakati huo mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuanza. Mwaka 2008 serikali ilikuwa imetangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na wenye viwanja wakazuiwa kuendeleza majengo yao wakingojea ramani. Mpango huo mkubwa uliachwa baadaye, baada ya watu kungoja karibu miaka kumi. Jambo la pili lilitimia. Mwezi wa Septemba 2012 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi la daraja la Kurasini, kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na za serikali, likajengwa na makampuni ya Kichina: mita 680, njia sita, nyaya zikining'inia kwenye minara miwili. Lilifunguliwa tarehe 19 Aprili 2016 na Magufuli yule yule, sasa akiwa Rais, naye akalipa jina la Nyerere. Mitaani huitwa daraja la Kigamboni. Salenda ilimpokea mgeni na kumbadili sauti. Hapa watu wameliacha jina la mwenyewe Mwalimu, si kwa kumdharau, bali kwa kuwa daraja kwao ni jina la mahali waliposubiri.

Daraja halikuua kivuko. Lilivutia magari, nayo yakaanza kutozwa ushuru, lakini liko mbali na Feri, na aendaye kwa miguu sokoni, Posta au Kariakoo bado pantoni humpeleka moja kwa moja. Mwezi wa Mei mwaka huo huo mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na tawi lake likaenda Morocco, Kinondoni. Hivyo mtu aweza kushuka pantoni na kupanda basi hatua chache mbele, na kwa mara ya kwanza Kigamboni na Kinondoni zikakutana kwenye kituo kimoja, ufuoni, penye jina la kale. Upande wa kaskazini haukukaa nyuma: tarehe 24 Machi 2022 daraja la pili, liitwalo Tanzanite, lilifunguliwa kando ya Salenda, likipita juu ya bahari kwa zaidi ya kilomita moja.

Lilikuwako pia jaribio la kuwavusha watu wa kaskazini kwa maji, nalo halikudumu. Katikati ya muongo wa 2010 serikali ilinunua kutoka Denmark boti ya abiria 300, MV Dar es Salaam, ili itoke Magogoni ifuate pwani ya Kinondoni mpaka Bagamoyo na kupunguza msongamano wa barabarani. Ile ni njia ya majahazi ya kale, ipitayo Msasani na Kunduchi, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya kwa upande wa bahari. Washomvi wasingeona ajabu kuifuata. Lakini nje ya mlango wa bandari hakuna kinga, kusi ikivuma mawimbi huwa makubwa, na abiria wa Bagamoyo wana barabara. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali aliandika kwamba mwendo wa boti haukufikia ule ulioagizwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilikabidhiwa kwa jeshi la wanamaji, ikaenda kufungwa gatini kwao Kigamboni.